Mjadala: Jimbo likope mabilioni kugharamia utafiti wa afya, au liiachie Washington?

Mleta mada:
Wadau, kila bajeti ya utafiti wa afya Marekani inapotaka kuguswa, inaletwa hoja moja: dola moja ya NIH, taasisi za taifa za utafiti wa afya, inazaa dola 2.56 za shughuli za kiuchumi. Hesabu hiyo ya mwaka 2024 ni ya United for Medical Research, muungano wa taasisi za utafiti, kampuni na vyama vya wagonjwa wanaoitetea bajeti yenyewe. Siikatai. Ila kwa jimbo, fedha ya NIH ni mgeni aliyekuja na chakula chake: inatoka hazina ya taifa, inalipa mishahara ya maabara za Boston au Birmingham, Alabama, na mishahara inatumika hapo hapo. Jimbo likikopa lenyewe, mambo yanageuka. California ilipiga kura 2004 ikaidhinisha hatifungani za dola bilioni 3 kwa utafiti wa seli shina, zile zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine. Ukijumlisha riba, deni lilikadiriwa kufika bilioni 6 hivi. Mwaka 2020 ikaongeza bilioni 5.5. Mlipaji ni yule yule mwananchi wa California. Faida je, inabaki kwake?

Mtazameni mtafiti James Allison. Kazi yake kuhusu CTLA-4, protini inayozizuia chembe za kinga zisishambulie saratani, aliifanya chuo kikuu cha Berkeley, California, miaka ya 1990. Dawa iliyotokana nayo, ipilimumab, iliidhinishwa 2011 ikiwa mikononi mwa Bristol-Myers Squibb, kampuni ya New York. Allison mwenyewe alishahama California tangu 2004, na baadaye Texas ikamvuta Houston kwa fedha za mfuko wa jimbo hilo wa utafiti wa saratani. Tuzo ya Nobel ya 2018 ikashangiliwa Texas! Kukopa kwa ahadi ya dawa, mimi sikubali.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umejijibu. Mfuko huo wa Texas, CPRIT, ulipitishwa kwa kura 2007, bilioni 3, na 2019 wakaongezewa bilioni 3 nyingine. Sehemu ya fedha hizo ni ya kunyakua watafiti kutoka majimbo mengine. Mtafiti mkubwa akihama, anahama na ruzuku zake za NIH na nusu ya maabara yake. Deni la jimbo linavuta fedha ya taifa.

Mchangiaji wa pili:
Na hiyo ya Washington msiione ya uhakika. Februari 2025 NIH ilitangaza ukomo wa 15% kwa gharama za uendeshaji zinazoongezwa juu ya ruzuku, mahakama ikauzuia. Hizo ndizo zinazolipa umeme wa majokofu, watunza panya, uzoaji wa taka za kemikali, makarani wa manunuzi. Alabama, mwajiri mkubwa kuliko wote ni chuo kikuu cha UAB, na seneta Katie Britt, wa chama cha Rais Trump mwenyewe, alionyesha wasiwasi mapema.

Mleta mada:
Makarani na watunza panya, sawa. Basi hiyo ni hoja ya ajira, iandikwe hivyo kwenye karatasi ya kura. Watu wa California mwaka 2004 waliuziwa tiba na mirabaha.