Jioni ya sinema za zamani na mzee: mayai ya kuchemsha, ya kukaanga au rolex?

Mama Ntinda (Kampala)

Habari zenu wapendwa. Kwetu Jumamosi jioni ni saa ya sinema za zamani. Aliyeuanzisha mtindo huu ni baba mkwe wangu, ambaye amevuka miaka sabini. Anasema picha za siku hizi zina haraka mno, hujamjua huyu ni nani, tayari gari limelipuka. Watoto nao wamenogewa, wanakaa miguuni pa babu yao wakimuuliza huyu ni mwema au mbaya.

Kinachonisumbua ni chakula. Mzee ana presha, na jirani mmoja alimwambia aachane na mayai kabisa kwa sababu ya lehemu (kolesteroli). Naye mayai anayapenda kuliko nyama. Ninaweza kuyachemsha, kuyakaanga na nyanya na vitunguu, au kumtuma kijana alete rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai ndani, pale stendi ya boda. Nilinganishieni hizo njia tatu, kwa afya ya mzee na ya watoto. Na sinema pia: wiki hii nasitasita kati ya The African Queen, King Solomon's Mines, na zile za Charlie Chaplin zisizo na maneno.

Mpenda Sinema wa Hoima

Dada, upande wa mayai nawaachia wenye elimu yao. Sinema, anza na The African Queen, tena mwambie mzee mapema kwamba ataona nchi yake humo ndani. John Huston aliipiga mwaka 1951, sehemu Kongo na sehemu hapa kwetu, Butiaba kwenye Ziwa Albert na eneo la maporomoko ya Murchison. Hadithi yenyewe wameiweka Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, vita vikianza. Katharine Hepburn ni mwanamke wa misheni aliyefiwa na kaka yake, Humphrey Bogart ni mwendesha mashua mchafu mwenye kiu ya jin, na wawili hao wanashuka mto hatari ili wakaizamishe meli ya kivita ya Wajerumani. Bogart alipata Oscar kwa kazi hiyo, na hakupata nyingine maishani.

Mwangalie Hepburn pale anapoimwaga jin yote mtoni. Anashika chupa moja, anaimimina taratibu mpaka tone la mwisho, anaitupa majini, anachukua nyingine. Bogart ana kichwa kizito cha ulevi wa jana, anamsihi, na mama wa watu hageuki hata kumtazama. Ukiiona sehemu hiyo utaelewa mzee anapenda nini katika picha za zamani: mtu anapewa nafasi ya kufanya jambo mpaka liishe.

Waulize watoto pia kama wanajua watengenezaji waliteseka kiasi gani. Wengi waliugua tumbo kwa sababu ya maji, Hepburn akiwemo. Huston na Bogart, waliokuwa wakinywa wiski, ndio walionusurika. Hepburn aliyaandika hayo mwenyewe katika kitabu chake cha 1987.

King Solomon's Mines ya 1950 nayo ilipigwa katika nchi zetu hizi, Uganda ikiwemo, na ilipata Oscar ya upigaji picha za rangi. Ni nzuri kwa macho, hasa wanyama wanapotimka kwa maelfu. Ila ukishamaliza kuwatazama wanyama, hadithi yenyewe ni nyembamba.

Muuguzi wa Jinja

Mama Ntinda, shikamoo ya mzee umfikishie. Nitajibu kwa kirefu kidogo kwa sababu suala hili la "acha mayai kabisa" nalisikia kila kliniki ya presha.

Yai moja kubwa lina kalori kama 70 na kitu, na gramu 6 hivi za protini bora kabisa, ile ambayo mwili hauhitaji kuichanganya na kingine ili iutoshe. Kwa mtu wa umri wa mzee hilo ni jambo kubwa, maana misuli hupungua na wazee wengi hushiba kwa matooke (ndizi za kupika) au posho (ugali) na chai, protini hawaipati. Kwenye kiini kuna vitamini A, D na B12, kuna kolini ambayo ubongo na ini vinaihitaji, na kuna lutein na zeaxanthin zinazojikusanya nyuma ya jicho na kulilinda. Kwa hiyo wale wanaokula ute mweupe tu na kutupa kiini wanatupa sehemu kubwa ya faida.

Ni kweli lehemu yote ya yai iko kwenye kiini, karibu miligramu 190 kwa yai kubwa. Zamani Wamarekani waliweka kikomo cha miligramu 300 kwa siku, na hofu ya mayai ikaenea kutoka huko. Katika mwongozo wao wa lishe wa 2015 kikomo hicho kiliondolewa, kwa sababu kwa watu wengi lehemu ya damuni husukumwa zaidi na mafuta yanayoganda, kama samli, mafuta ya nyama na ya mawese, kuliko lehemu iliyomo ndani ya chakula. Yai lenyewe lina gramu moja na nusu hivi tu ya mafuta hayo. Mtu mzima mwenye afya anaweza kula yai moja kwa siku bila wasiwasi.

Mtu mwenye kisukari, au aliyepimwa akakutwa na lehemu nyingi damuni, huyo aongee na daktari wake kuhusu kiasi, kwa sababu utafiti juu yao haujakubaliana. Presha peke yake haimkatazi yai. Anachokatazwa ni chumvi, na yai halina chumvi ya kutisha mpaka sisi tuimwage.

Sasa ulinganisho wako. La kuchemsha linashinda kwa mzee, kwa sababu haliongezwi chochote. La kukaanga linategemea mkono wako: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, yaani zaidi ya yai lenyewe. Ukitumia kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti, ukaweka nyanya, vitunguu na dodo (mchicha) iliyokatwa nyembamba, hicho ni chakula kizuri, na watoto watakula mboga bila ugomvi. Rolex ni mlo kamili, si kitafunio. Chapati ina unga mweupe, mafuta ndani na mafuta juu, na chumvi kwenye kinyunya kabla hata ya yai kupigwa. Mzee akila moja nzima usiku halafu akae saa mbili kwenye kochi, presha haitamshukuru.

Kaka wa Chapati, Wandegeya

Muuguzi, nakuheshimu, lakini rolex usiizike mapema hivyo. Hapa Wandegeya wanafunzi wa Makerere wanaishi kwayo, na wengi wasingegusa kabeji wala nyanya mbichi kama hazikufungwa humo ndani. Rolex mbaya ni ya mpishi mwenye haraka. Mimi napiga mayai mawili kwenye kikombe pamoja na kitunguu na kabeji iliyokatwa kama uzi, napaka mafuta kwenye bamba kwa kitambaa, simwagi. Yai likianza kushika chini lakini juu bado linateleza, naweka chapati juu yake ili vishikane. Nageuza, napanga nyanya, nakunja. Mteja akisema bila chumvi, chumvi haiingii kwenye yai.

Mama Ntinda, usimtume kijana tu na hela. Amwambie mpishi: chapati moja nyembamba, mayai mawili, mafuta kidogo, mboga nyingi, chumvi hapana. Kisha uikate vipande, babu na wajukuu wagawane.

Muuguzi wa Jinja

Hivyo nakubali. Kipande kimoja kwa mzee, na yai la kuchemsha pembeni.

Kijana wa Mazoezi (Mbale)

Naomba kuuliza kwa kuwa mnaongelea sinema na mayai. Kwenye Rocky ya 1976 jamaa anaamka alfajiri, anavunja mayai matano kwenye glasi na kuyanywa mabichi kabla ya kukimbia. Gym yetu kuna wanaofanya hivyo. Yai bichi halina nguvu zaidi?

Muuguzi wa Jinja

Hapana mdogo wangu, ni kinyume chake. Yai likipikwa mwili unapata karibu asilimia 90 ya protini yake. Likiwa bichi unapata takriban nusu. Tena ute mbichi una avidin, inayoishika vitamini iitwayo biotin isifyonzwe, na moto ndio unaoivunja. Juu ya hapo kuna salmonela, bakteria anayeweza kuwa kwenye ganda au hata ndani ya yai linaloonekana safi. Kwa watoto, wajawazito na wazee, kiini kiive mpaka kishike. Sinema itazame, mayai yapike.

Afande Mstaafu (Gulu)

Mama, nami natoa kura yangu. Ipo picha ya Paul Newman, Cool Hand Luke ya mwaka 1967, mfungwa anaweka dau kwamba atakula mayai hamsini ya kuchemsha kwa saa moja. Kwa hesabu ya muuguzi hiyo ni protini gramu 300, na hakuna tumbo linalopaswa kutendewa hivyo. Ni sinema kubwa juu ya mtu asiyekubali kuvunjwa, ila ni ya jela na ina mateso. Watoto wasubiri wakue.

Mzee atakayependa mazungumzo mpe 12 Angry Men ya 1957. Watu kumi na wawili wanaoamua kesi, chumba kimoja, joto, na maisha ya kijana yako mikononi mwao. Haifiki hata dakika mia. Nimeketi kwenye mabaraza mengi ya nidhamu na sijaona picha nyingine inayoonyesha vizuri hivyo jinsi mtu mmoja mtulivu anavyoweza kuwasimamisha wenye haraka ya kuhukumu.

Mwalimu wa Arua

Mama Ntinda, mimi nipo upande wa Chaplin, na sababu yangu ni ya lugha. Nyumbani kwangu mama anaongea Kilugbara, mke wangu Kiganda, watoto wamezama kwenye Kiingereza cha shule, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Kwenye kibanda cha video VJ, yule msimuliaji wa sinema, anatafsiri, anaongeza na utani wake, na hilo lina raha yake. Lakini picha isiyo na sauti haimhitaji mtu katikati. Tulipoweka The Gold Rush ya 1925, bibi na mjukuu wa darasa la kwanza walicheka kwa wakati mmoja. Njaa imewabana kwenye kibanda cha theluji, Chaplin anachemsha kiatu chake na kukila kwa adabu zote za mezani, kamba za kiatu anazizungusha kwenye uma kama tambi. Kisha mwenzake, kwa njaa, anaanza kumwona Chaplin kama kuku mkubwa na kumfukuza. Mzee mwenye masikio mazito hapitwi na kitu.

The African Queen naipenda pia, ila ongea na watoto baada yake. Dakika za mwanzo askari wa Wajerumani wanachoma nyumba za wanakijiji na kuwachukua watu kwa nguvu, halafu hadithi inawasahau hao wanakijiji kabisa na kufuata wazungu wawili. Wanangu waliuliza wenyewe, "Na wale watu walienda wapi?" Ni swali zuri, na mzee wako huenda ana la kusema kuliko mimi na wewe.

Mpenda Sinema wa Hoima

Mwalimu, umesema kweli na sina la kupinga. Uzuri wa picha ninausimamia, na swali la wanao nalisimamia pia.

Bibi wa Kabale

Wanangu, mmeongea yote ila namna ya kuchemsha. Huku kwetu milimani maji huchemka kabla ya kufika nyuzi mia, ni kama 94 hivi, kwa hiyo yai linachukua muda zaidi kuliko Kampala. Mama Ntinda, kwako dakika kumi na mbili tangu maji yachemke zinatosha kiini kiive. Huku mimi naongeza mbili au tatu. Usiache likachemka nusu saa kwenye sigiri huku unatafuta sinema: kiini kinazungukwa na rangi ya kijani na kunuka. Ile ni madini ya chuma ya kwenye kiini yamekutana na salfa ya ute. Haidhuru, lakini ladha imekwenda.

Na yai la leo leo halimenyeki, linabanduka na nyama yake. Chukua lililokaa siku chache, na likitoka motoni lizamishe kwenye maji baridi. La kienyeji na la kisasa kwa lishe hayajapishana kama watu wanavyodhani. Kiini cha njano iliyokolea kinatokana na majani na mahindi aliyokula kuku.

Mama Ntinda (Kampala)

Mungu awabariki, sikutarajia kupata haya yote. Nimeamua hivi. Jumamosi hii ni The Gold Rush, kwa sababu masikio ya mzee kweli yamekuwa mazito na nilikuwa silifikirii hilo. Wiki inayofuata The African Queen, na mazungumzo baada yake. Mezani mayai ya kuchemsha na kachumbari ya nyanya, vitunguu na ndimu, chumvi ibaki jikoni. Rolex moja ya Kaka wa Chapati, vipande, kila mtu chake. Mzee nimeshamwambia yai lake moja limeruhusiwa, na kliniki ya mwezi ujao tutaomba apimwe lehemu tujue tulipo.

Muuguzi, la mwisho: nikichemsha mchana umeme ukakatika, yanakaa mpaka saa ngapi?

Muuguzi wa Jinja

Yaache na maganda yake. Nje ya friji usizidishe muda wa saa mbili tangu uyachemshe. Friji ikiwa na baridi yake, yanakaa hata wiki. Siku umeme unasumbua, yachemshe jioni wakati watoto wanaoga, yatakuwa tayari kabla hamjaketi.