Kidoa cha kijani chini ya mwezi: simu imeharibika au kuna kitu?

zuwena_chumbageni:
Habari zenu. Juzi baada ya Magharibi nilikuwa uwani kwangu, hapa Tanga. Mwezi una siku nne tangu uandame, umelala kama dau. Nikatoa simu, nikaiweka kwenye hali ya usiku, nikapiga. Mwezi umetoka duara jeupe tupu kama taa ya uwanja wa mpira. Halafu chini kulia, kwenye paa la jirani, kuna kidoa cha kijani, kidogo kama ukucha uliokatwa. Kwa macho sikukiona. Nimepiga mara saba, kimo katika zote, ila kila picha kimehama. Nimeifuta lenzi kwa khanga, wapi! Nikakosea kuituma kwenye grupu la familia, sasa mama mkwe ameagiza mtoto asitoke nje baada ya Isha. Simu yenyewe ya mtumba. Nimepigwa?

dullah_254:
Setilaiti hiyo dada. Siku hizi zimejaa.

zuwena_chumbageni:
Setilaiti ipite mbele ya bati la jirani?

mzee_wa_studio:
Hapo umejijibu, binti yangu. Kitu cha angani hakikai mbele ya paa, kwa hiyo kimezaliwa ndani ya simu. Lenzi ya simu ni vioo kadhaa vimepangwa, na mwanga mkali ukiingia, kiasi kidogo hugonga huku na huku kabla ya kufika. Chukua rula. Pima kutoka mwezini hadi katikati kabisa ya picha, kisha endelea mstari uleule upande wa pili kwa umbali uleule. Utakuta nini?

zuwena_chumbageni:
Nimechukua rula ya mwanangu ya shule. Sentimita nne, na nne tena. Kidoa kipo palepale! Na nimekikuza: ni mwezi, lakini dau limepinduka.

mzee_wa_studio:
Naam. Kidoa hicho ni kivuli cha mwezi kilichorudishwa na vioo vya lenzi, tena kimeuona mwezi vizuri kuliko picha yako. Simu iliona giza pote ikaufungulia mwanga mlango wazi, mwezi ukaungua kwa mwanga kuzidi ukawa duara. Kivuli ni hafifu, hakikuungua, ndiyo maana umbo lake la hilali limebaki. Simu haina kosa, na khanga haiwezi kufuta kilicho ndani. Sisi tuliopiga picha kwa filamu tulifundishwa mapema: mwezi ni jiwe linalopigwa jua, upige kama kitu cha mchana. Ukiwa mpevu, kwa kamera, tundu la lenzi f/11, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 100, muda sehemu 1 ya 100 ya sekunde. Kwa simu, toa hali ya usiku, gusa mwezi kwenye kioo, shikilia, kisha teremsha mwanga mpaka uone madoa yake. Paa la jirani litakuwa jeusi, huwezi kuvipata vyote viwili kwa picha moja. Na ukiuweka mwezi katikati, kivuli kinajificha nyuma yake.

kijana_likoni:
Mimi changu, kwenye kamera yangu ya lenzi ndefu, kilikuwa chekundu na hakihami kamwe. Miezi miwili namwonyesha mchumba wangu Mirihi. Siku moja nikapiga ukuta gizani, Mirihi ikawa ukutani. Pikseli mbovu tu, yaani nukta ya kupokea mwanga ndani ya kamera iliyoharibika. Funika lenzi kwa kifuniko, piga sekunde kumi, utaziona zote. Mchumba bado ananicheka.

zuwena_chumbageni:
Nimerudi. Jana nimeteremsha mwanga kama mzee alivyosema. Kijani hakuna, na nimeona mashimo ya mwezi kwa simu ya mtumba! Lakini sasa kuna nukta nyeupe juu ya mwezi, kushoto. Nimepima, haiko kwenye mstari. Nimehamisha simu, na yenyewe imebaki karibu na mwezi vilevile.

mzee_wa_studio:
Kwa macho je?

zuwena_chumbageni:
Ipo. Kubwa, haimetimeti.

mzee_wa_studio:
Hiyo ni sayari ya Mshtarii (Jupiter). Kijana wa Likoni akikuazima lenzi yake ndefu utaona vinukta pembeni yake, vimejipanga mstari mmoja. Ni miezi yake, ileile minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mtoe mtoto aione, mama mkwe nitamwandikia mwenyewe.