Kuandika herufi za Kichina: lazima nifuate mpangilio wa mistari?

MamaSpea_Mwanjelwa
Wakuu, habari za jioni. Huku Mbeya baridi ya Juni imetubana, lakini daftari sijaliacha.

Nauza spea za pikipiki Mwanjelwa. Mzigo wangu karibu wote unatoka China, na maboksi ya saitimira yana herufi moja tu ya kukutofautishia: 左 ni kushoto, 右 ni kulia. Mwaka jana nilimuuzia bodaboda mmoja wa Uyole ya kushoto badala ya kulia. Akarudi na hasira, na haki alikuwa nayo. Siku ile nikasema hizi herufi lazima nizijue.

Kusoma naendelea. Kuandika ndiko kunanishinda. Nainakili herufi kama ninachora nyumba, naanzia popote jicho linapotua. 口 naizungusha bila kuinua kalamu. Nikiandika kwa kidole kwenye simu nitafute maana, inaniletea herufi nyingine kabisa, na kesho yake nimeshasahau. Mpangilio ni lazima? Nyie mliukariri vipi?

Kasikazini_TZ
Usijitese. Andika matamshi kwa herufi zetu za kawaida, simu itakupa za Kichina uchague. Kalamu ya nini siku hizi?

MtotoWaChai
Mkuu hapo juu, atayaandikaje matamshi ya herufi anayoiona kwenye boksi kwa mara ya kwanza? Hayajui.

Dada, ni lazima, na si kwa ajili ya urembo. Mchina akiandika haraka kwenye risiti, mistari inaungana kufuata njia ambayo kalamu imepita. Usipoijua njia hiyo, mwandiko wake utauona kama kamba iliyojisokota.

Anza na hiyo 口. Ni mistari mitatu: ukuta wa kushoto kwenda chini, kisha juu, unakata kona na kushuka kulia bila kuinua kalamu, mwisho chini, unafunga. 十, mstari wa kulala kwanza ndipo wa wima. 三, juu kwenda chini. 人, mguu wa kushoto kwanza. 小 inaanza katikati, ndipo pembeni. 国 ifanye kama zizi: jenga uzio pande tatu, ingiza ng'ombe, lango la chini funga mwisho.

Sasa hizo zako. 左 na 右 zote zina mistari mitano, na zote zinaanza na mstari wa kulala, halafu mstari unaoteremka kushoto. Tofauti iko chini: 左 ina 工, kazi, 右 ina 口, mdomo. Na sisi Waswahili tumerahisishiwa, maana mkono wa KULIA ndio wa kulia chakula, unaopeleka tonge mdomoni. Ukiona mdomo, hiyo ni kulia. Ila angalia video unazofuata: Wajapani 右 wanaianza na ule mstari wa kuteremka. Hawajakosea, ni utaratibu wao, lakini wewe shika wa Kichina.

Chukua daftari la hesabu lenye vyumba. Vyumba vinne zungushia fremu, upate umbo la 田. Andika herufi moja humo, uone kila mstari unakaa robo ipi. Mimi nimekulia kwenye mashamba ya chai Rungwe, na herufi ya kwanza kuiweza ilikuwa 茶, mistari tisa: majani juu, mtu katikati, chini kama mti. Wanaitamka "cha". Niliirudia ukurasa mzima, na hadi leo mkono unaiandika kabla sijafikiri.

MamaSpea_Mwanjelwa
Kaka, nimekaa na hili daftari siku nne, usiku baada ya kufunga duka. Leo nimeandika 右 kwa kidole, mistari mitano kwa mpangilio wake, ikatokea ya kwanza kabisa kwenye simu! Nimeandika 左 na 右 kwa maka pen kwenye rafu zangu mbili, kijana wangu wa dukani naye nimemfundisha ile ya tonge.

Nimekwama kwa 进, iko kwenye boksi la chujio la hewa. Ule mkia unaozunguka kushoto hadi chini, naanza nao? Maana uko kushoto.

MtotoWaChai
Hapana, huo unasubiri. Andika kwanza 井, mistari minne, ndipo mkia na mistari yake mitatu. Jumla saba.

MamaSpea_Mwanjelwa
Imekubali. Ndaga fijo, kaka.