Tupeane uzoefu: Kufunga na kusali Kwaresima kwa kiasi tunachoweza kukitimiza

Mama wa Uyole (mwanzisha mada)

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, nami nilitoka kanisani nikiwa na maazimio manne: misa ya kila asubuhi, rozari nzima kila usiku, kutokula hadi jioni isipokuwa Jumapili, na sura tano za Biblia kwa siku. Kufikia wiki ya pili nilikuwa ninasinzia kazini na kuwakaripia watoto kwa sababu ya njaa. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba niliposhindwa moja niliyaacha yote, hata Ijumaa Kuu ikanikuta sina nilichokishika. Naomba mnieleze mlichagua nini, hasa ninyi wa huku Nyanda za Juu ambako Kwaresima hutukuta katikati ya mvua na kazi za shamba.

Baba wa Kilolo

Milele amina, dada. Kwetu Iringa mianzi hutoa ulanzi, yaani pombe ya mianzi, wakati wa mvua, kwa hiyo Kwaresima huja wakati ule ule ambapo ulanzi ni mwingi na wa bei ndogo. Kwa miaka mingi niliacha nyama, jambo ambalo halikunigharimu chochote, kwa kuwa nyumbani kwangu nyama huliwa kwa nadra. Siku nilipojiuliza kwa unyofu ni kitu gani kinachonitawala, nilijua ni kilabuni. Nikaacha ulanzi. Ugumu haukuwa kiu, bali zile saa kati ya kumi na moja jioni na saa mbili usiku, ambazo sikujua nizifanyie nini, na wenzangu walikuwa wakipita mlangoni kuniita. Mke wangu ndiye aliyeshauri tusali fungu moja tu la rozari jikoni, moto ukiwaka na watoto wakisubiri ugali, na siku za Ijumaa twende sote Njia ya Msalaba. Fungu moja halizidi dakika tano, na kwa sababu hiyo hatukulikosa hata siku tuliyorudi shambani tumelowa. Fedha ya ulanzi niliitia katika kibubu, na Jumamosi kabla ya Pasaka tulimpelekea jirani yetu mjane mahindi na sabuni.

Mkulima wa Isyonje

Mimi huchimba viazi kwa jembe tangu alfajiri, na siwezi kushinda njaa siku arobaini. Katekista wetu alinikumbusha kwamba Kanisa Katoliki linatudai kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59, na hata siku hizo mlo mmoja kamili unaruhusiwa pamoja na vyakula vidogo viwili. Siku hizo mbili sichimbi.

Mlutheri wa Njombe

Bwana Yesu asifiwe. Nina vidonda vya tumbo, na daktari amenikataza kukaa na njaa, jambo lililonifanya nijione nimetengwa na wenzangu wanaofunga. Mwaka jana nilichagua kunywa chai bila sukari na kuizima simu kuanzia saa tatu usiku ili nisome Injili ya Marko, kipande kifupi kila siku, nikiwa nimejifunika blanketi kwa baridi yetu hii. Mara tatu nilipitiwa na usingizi. Kesho yake niliendelea pale pale nilipoishia, bila kujaribu kulipa deni la jana.