Naombeni ushauri: chakula cha jioni cha sikukuu kwa watu 8, na nina saa tatu tu za kupika

Kisima:
Wakuu, habari za majukumu.

Kuna jambo linaninyima raha tangu wiki iliyopita. Mwaka huu ni zamu yangu kuipokea familia nyumbani siku ya sikukuu. Tutakuwa watu 8: wazazi wangu, dada na mumewe, watoto wao wawili, mimi na mwenzangu. Siku yenyewe niko kazini, nitafika nyumbani saa 11 jioni. Chakula lazima kiwe mezani saa 2 usiku, kwa sababu baba ana dawa anazomeza na chakula na hapendi muda uyumbe.

Mara ya mwisho nilipika vitu sita, vyote vya moto, vyote siku hiyohiyo. Wageni waliingia mimi bado namenya vitunguu. Kuku aliiva kwa nje akawa na rangi nzuri kabisa, baba alipomkata paja, kwenye mfupa kulikuwa na damu. Nikamrudisha kwenye oveni. Wali ukapoa, mchuzi ukashika chini ya sufuria, watoto wakalala kwenye kochi bila kula. Mama aliinuka mezani, akaja jikoni, akakunja mikono ya gauni lake la sikukuu na kuanza kuosha sufuria zilizojaa kwenye sinki. Hakunilaumu hata kidogo. Ila mimi niliumia, maana nilimwita aje akae.

Safari hii nataka mama akae. Nina jiko la plate nne, oveni ya kawaida na friji. Nipikeje chakula rahisi lakini kinachofanana na sikukuu? Natanguliza shukrani.

Nuru_ya_Asubuhi:
Pole sana, na hongera kwa kujaribu tena.

Vitu sita vya moto kwa mpishi mmoja ni vingi hata kama angekuwa na siku nzima. Kila kimoja kinataka dakika zake za mwisho, na dakika hizo zinagongana. Mimi huwa nafanya hivi: kitu kimoja kikubwa cha moto kutoka kwenye oveni, kimoja kidogo cha moto kwenye plate, na vingine vyote viwe vya baridi, vimekamilika jana yake. Kwa watu 8, kuku, wali au viazi, saladi moja na kitu kitamu cha mwisho vinatosha. Hakuna atakayehesabu mabakuli.

Halafu chukua karatasi uandike muda kinyumenyume, kuanzia saa ya kula ukirudi nyuma. Ukianza na saa ya kufika nyumbani utajidanganya, utaona una saa tatu. Ukianza na saa 2 usiku utaona ukweli.

Bahari_Tulivu:
Kwa nini usinunue chakula kilichopikwa? Siku hizi watu wengi wanafanya hivyo na sikukuu inaenda vizuri tu.

Kisima:
@Bahari_Tulivu nimelifikiria, ahsante. Lakini baba alinifundisha kumkata kuku mezani nikiwa mdogo, na ndicho anachokisubiri kila mwaka. Nataka kuku awe wa kwetu.

MwikoMkavu:
Mleta uzi, swali moja kabla sijashauri. Yule kuku wa mara ya mwisho alitoka friza lini?

Kisima:
Asubuhi ya siku hiyohiyo. Nilimwacha kwenye karo, nikaondoka.

MwikoMkavu:
Basi tatizo limeonekana. Kwa nje alikuwa amelainika, ila katikati na kwenye maungio ya paja bado alikuwa na barafu. Oveni ilitumia muda wote kuyeyusha ile barafu huku ngozi ikiungua. Tena kumwacha kwenye karo siku nzima ni hatari: nyama mbichi isikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili. Kuku wa kilo moja na nusu anataka kama saa 24 ndani ya friji ili alainike. Mimi humpa siku moja na nusu, nisiwe na wasiwasi.

Sasa kazi yenyewe. Kuku mzima ana shida ya kimaumbile: kidari kinaiva haraka na kukauka, paja linachelewa. Dawa yake ni kumpasua. Mlaze kifudifudi, shika mkasi mzito wa jikoni, kata upande mmoja wa uti wa mgongo kuanzia mkiani hadi shingoni, kisha upande wa pili, uutoe uti wote (weka, utengeneze supu). Mgeuze, weka kiganja katikati ya kidari ubonyeze kwa uzito wako hadi usikie mfupa unalia "kwa!". Sasa amelala bapa kama kitabu kilichofunguliwa. Mapaja yote yako juu, yanapata moto sawasawa na kidari.

Kuku wa namna hiyo mwenye kilo 1.6 anaiva kwa dakika 45 hadi 50 kwenye nyuzijoto 220. Akiwa mzima, na kwa moto wa wastani zaidi, angechukua zaidi ya saa moja. Wewe utahitaji wawili kwenye trei mbili, kwa hiyo weka hesabu ya saa moja, na katikati ya safari zibadilishe nafasi, ya juu ishuke, ya chini ipande. Kama oveni yako ina feni, punguza hadi 200.

Kitu kimoja nakusihi ununue: kipimajoto cha nyama. Kichome kwenye sehemu nene ya paja, kisiguse mfupa. Kikisoma 74 kuku yuko salama, na paja lenyewe linakuwa tamu zaidi likifika 80. Rangi ya ngozi haikwambii kitu. Uliona mwenyewe.

Jiko_la_Tatu:
Naongezea kwa MwikoMkavu: chumvi iingie jana yake. Gramu 10 kwa kila kilo ya kuku, yaani kwa kuku mmoja wa saizi hiyo ni kama kijiko cha chakula kisichojaa sana. Mpake kila mahali, na chini ya ngozi pia, weka kwenye trei bila kumfunika, rafu ya chini kabisa ya friji ili maji yake yasidondokee chakula kingine. Kwanza chumvi inavuta maji nje, baadaye yale maji yenye chumvi yanarudi ndani ya nyama. Asubuhi utaikuta ngozi imekauka kama karatasi. Ngozi kavu ndiyo inayokauka vizuri na kuwa ya kuvunjika mdomoni. Kitunguu saumu, limao na pilipili manga ni juu yako.

Tunu:
Na usisahau kumwosha kuku vizuri kabla ya kumpaka viungo.

Jiko_la_Tatu:
Dada Tunu, hapo naomba tutofautiane kwa heshima. Nami nililelewa hivyo. Lakini maji ya bomba hayaui vijidudu vya kuku mbichi, yanavirusha kwenye sinki, kwenye vyombo vilivyooshwa na kwenye saladi iliyo pembeni. Kinachoviua ni moto. Kama kuna damu au unyoya, futa na karatasi ya jikoni, itupe, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Tunu:
Nimekuelewa ndugu. Kuacha itanichukua muda, ila hoja ya saladi imenigusa.

Nuru_ya_Asubuhi:
Kwa jinsi MwikoMkavu alivyoeleza, ratiba yako ya siku yenyewe naiona hivi, Kisima:

Unafika saa 11, unaoga, unakaa kidogo. Saa 11:45 kuku watoke friji. Saa 12:15 washa oveni. Usiingize kitu hadi ishike moto kabisa, na hiyo inaweza kuchukua dakika 20 na zaidi. Saa 12:40 kuku waingie. Saa 1:10 badilisha trei. Saa 1:15 wali upande jikoni. Saa 1:40 kuku watoke na wali uzimwe, vyote vipumzike na vifuniko vyake. Saa 2 kasoro 5 baba apewe kisu.

Zile dakika 15 za kupumzika si za kupoteza. Ukimkata kuku akitoka tu motoni, maji yote yanamwagika kwenye ubao. Na ndizo dakika zako za kubadilisha nguo.

Kwa wali, gramu 80 hivi za mchele mkavu kwa mtu mzima zinatosha. Ukibaki, usiuache kwenye sufuria hadi asubuhi. Kuna kijidudu cha wali ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, zinaamka wali ukikaa na uvuguvugu, na sumu yake haiondoki hata ukipasha moto tena. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, ndani ya saa moja uwe friji.

Mchana_Kweupe:
Mimi sina oveni na napokea wageni kila mwaka. Kwa mwingine anayesoma uzi huu akiwa kama mimi: pika rosti ya nyama jana yake. Nyama ya ng'ombe ya bega, vipande vikubwa, ikaangwe ishike rangi ya kahawia pande zote (usijaze sufuria, nyama zikibanana zinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika), kisha kitunguu, nyanya, maji kiasi, moto mdogo saa mbili na nusu. Kwenye presha ni kama dakika 40. Igawe kwenye vyombo vifupi ipoe, iweke friji. Kesho yake mafuta yamegandia juu, unayaondoa na kijiko, na mchuzi umekolea kuliko jana. Pasha hadi ichemke kweli, si kupata vuguvugu tu. Siku ya sikukuu kazi yako ni kuwasha jiko.

Tunu:
Saladi ya majani usiikoleze mapema, chumvi inayalegeza. Kabichi na karoti zilizokatwa nyembamba zinavumilia, hizo hata ukichanganya jana yake na limao, mafuta na chembe ya sukari zinazidi kuwa tamu.

Kitu cha mwisho: kastadi baridi kwenye vikombe 8, matunda juu. Jana yake usiku. Ukipenda jeli, usitie nanasi bichi, lina kimeng'enya kinachokata kile kinachoigandisha, utakesha ukisubiri na itabaki maji. Nanasi la kopo halina shida kwa sababu lilishapitia moto.

Mchana_Kweupe:
Watoto je? Wale waliolala bila kula ndio walioniuma kwenye simulizi yako. Saa 12 na nusu wape kitu kidogo, mkate na yai la kuchemsha, wasishibe wala wasilie. Saa 2 ni mbali sana kwa mtoto.

Na osha kila sufuria inapomaliza kazi. Wakati kuku yuko kwenye oveni una nusu saa ya bure.

Kisima:
Mmenitendea wema mkubwa. Nimeandika yote kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji. Kuku wawili, wali, saladi ya kabichi, kastadi. Mkasi nimenunua, kipimajoto pia. Nitaleta mrejesho.

Kisima:
MREJESHO. Samahani kwa kukawia, wageni walilala kwangu siku mbili.

Kuku nilimpasua juzi yake usiku. Wa kwanza alinitoa jasho, nilikata mbali mno na uti nikapoteza nyama kidogo. Wa pili alienda vizuri, na ule mlio wa kidari niliusikia kama mlivyosema.

Siku yenyewe kuna jambo halikwenda. Saa 1:40 kipimajoto kilisoma 74 kwa yule wa trei moja, mwenzake 66. Nadhani nilichelewa kubadilisha trei, dada alikuwa ananipigia simu kuuliza njia. Mara ya mwisho ningewatoa wote, maana kwa rangi walifanana kabisa. Safari hii nilimrudisha mmoja dakika 10, akafika 78, na aliyetangulia akawa anapumzika. Baba alianza na huyo. Saa 2 na dakika 3 alikuwa ameshamtenganisha paja, akalifungua kwenye mfupa, akaliangalia, akaniangalia mimi, akampa mama.

Watoto walikula. Mdogo aliomba ngozi tu, nikampa ngozi.

Tulipomaliza mama aliinuka na sahani yake kuelekea jikoni kama kawaida yake. Nilimfuata. Alisimama mbele ya sinki, ndani kulikuwa na kikombe kimoja na mwiko. Akaweka sahani yake pale, akaniuliza kastadi iko wapi, akarudi kukaa.