Polisi wataka mate ya mdogo wangu, akatae ama akubali?

MtuWaKisauni: Assalaam aleikum wadau. Wallahi silali. Kuna duka la simu Kongowea lilivunjwa usiku, mlinzi akapigwa mpaka akalazwa, na pale chini kukaokotwa kofia. Sasa polisi wataka kumpima mdogo wangu DNA eti kuna mtu alimuona akizungukazunguka pale jioni. Yule hakuhusika, namjua. Je akatae? Na DNA ikimshika ndio basi, kesi imekwisha?

Bi_Swafiya: Waaleikum salaam mwanangu. Kama mikono misafi aende apimwe arudi ale chakula chake. Mimi wangu alishikwa na simu ya wizi, kumbe kauziwa na rafikiye wa mtaa huuhuu, nikauza friji nipate pesa ya dhamana, na huyo rafiki mpaka leo anipita njiani hata salamu hatoi. Vijana chagueni marafiki.

Mzee_wa_Mahakama: Polisi hawezi tu kukutia kijiti cha pamba mdomoni. Penal Code, sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, kifungu cha 122A chataka amri ya maandishi, ya inspekta ama mkubwa wake. Kisha sampuli yaenda kwa Mkemia wa Serikali. Na DNA ya kofia yaonyesha jasho la nani liko pale, haisemi aliivaa lini wala alikuwa akifanya nini. Kofia ni ya nani?

MtuWaKisauni: Kofia ni kofia tu mzee, ziko nyingi. Nauliza akatae ama akubali.

Baharia_Likoni: DNA haidanganyi kaka. Uingereza 1986 kuna kijana alikiri kumuua msichana, DNA ikaonyesha si yeye. Muuaji mwenyewe Colin Pitchfork alimtuma mwenzake akatoe damu kwa jina lake, akashikwa vivyo hivyo.

Mzee_wa_Mahakama: DNA haidanganyi lakini watu waibeba. California 2012 DNA ya Lukis Anderson ilipatikana kwenye kucha za marehemu, na usiku ule Anderson alikuwa hospitali, amelewa hajijui. Wahudumu wa ambulensi waliomhudumia yeye ndio walienda kwa yule marehemu. Alikaa ndani zaidi ya miezi 5. Ujerumani nako walimsaka mwanamke mmoja miaka na miaka kwa DNA iliyokutwa kwenye matukio mengi ya uhalifu, 2009 wakagundua DNA ni ya mfanyakazi wa kiwanda cha vile vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Narudia, kofia ni ya nani?

MtuWaKisauni: Haya. Ni yangu. Niliivaa muda mrefu kisha nikamuazima.

Baharia_Likoni: Eh! Na yeye yuko wapi?

MtuWaKisauni: Tanga kwa shangazi. Nilimpandisha gari mimi, lakini si kutoroka, shangazi mgonjwa na safari ilikuwepo tangu zamani. Mngefanya nini nyinyi? Mkae mungoje mtoto wa mamenu achukuliwe?

Baharia_Likoni: Hawa shangazi wa Tanga huugua polisi wakibisha hodi tu 😂

Kombe_la_Chai: Wadau mwalishwa hadithi. Mwanzo kofia haina mwenyewe, sasa ina wenyewe wawili. Polisi gani atangaza atakuja kukupima kisha akuache upande basi? Mimi nadhani mdogo hayuko, kuna huyu tu anaeandika.

MtuWaKisauni: Kombe muogope Mungu. Hawakumkuta, walimuachia mama ujumbe. Mama yuwalia tangu siku hiyo hata mchuzi hapiki.

Bi_Swafiya: Hata kama ni hadithi kuna mtu mwengine ataisoma yamfae. Endelea mzee.

Mzee_wa_Mahakama: Kofia iliyovaliwa na wawili yaweza kutoa DNA ya wawili, na ndugu wa baba na mama mmoja wafanana sana, kuzitenganisha ni kazi ya mtaalamu. Mmoja yuko Tanga. Alobaki Mombasa ni wewe. Halafu kumbuka mahakama haingoji DNA, mlinzi akipona akimtambua mtu, huo ni ushahidi, na kutoroka nako hutajwa. Mtafutieni wakili kabla hajavuka mpaka wa Lunga Lunga, aje mchana, aende kituoni na wakili. Na wewe uandikishe taarifa yako kuhusu hiyo kofia.

MtuWaKisauni: Yeye sawa, ntampigia. Lakini mimi niandikishe ya nini?

Bi_Swafiya: Kofia si yako wewe?