Taimshea wanatushinda kura kila mwaka halafu karatasi hawataki kuonyesha (Florida)

msafi_wa_kona
Wadau naombeni mawazo. Nipo Florida, nimenunua nyumba kwenye eneo lenye HOA, yaani chama cha wenye nyumba, na mimi naishi humo mwaka mzima. Sasa wakazi kama mimi tuko nyumba 38 tu, hizo zingine 62 ni taimshea, yaani nyumba moja wanaimiliki watu wengi kwa wiki, mtu ana wiki yake moja anakuja na watoto wanaogelea wanaondoka. Kila mkutano mkuu sisi tunajaza viti, tunalalamika weee, tunapiga kura, halafu mwakilishi wa kampuni inayosimamia zile taimshea anafungua bahasha anasema "proksi 62" (karatasi za kumruhusu mtu akupigie kura) basi kazi imeisha. Bodi yote ni watu wao. Mwaka huu ada imepanda tena nikaandika imeili naomba hesabu na orodha ya wanachama nikajibiwa eti hizo ni siri za wateja. Maswali mawili: nyumba yenye wenyewe 52 ina kura 52 au 1? Na kweli wana haki ya kunificha?

Mzee_Kobe
Pole ndugu. Hilo la kura usilitafute kwenye sheria kwanza, litafute kwenye hati kuu ya eneo lenu, ile iliyosajiliwa kaunti, unaipata hata bila kuwaomba wao maana ni rekodi ya umma. Humo ndo imeandikwa kura inaenda kwa nyumba au kwa mtu. Mara nyingi ni nyumba 1 kura 1, hata ikiwa na wenyewe hamsini, na wale wa wiki wanagawana hiyo moja au chama chao cha taimshea kinaipiga kwa niaba yao. Kama ni hivyo basi 62 dhidi ya 38 ni hesabu halali hata kama inauma. Cha kuchunguza ni nani alimpa huyo mwakilishi mamlaka. Kama hati inasema chama chao ndo mpiga kura, hahitaji saini za watu wa wiki, anahitaji uamuzi wa bodi ya chama chao. Kama hati haisemi hivyo, anahitaji proksi za kweli. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na watu wengi wanayachanganya, hata mawakili wengine (nimeshalipa mmoja, najua nasemaje).

fundi_karatasi
Naongezea kwenye karatasi maana hapo ndo pa kuwabana. Kwanza hakikisha nyie ni HOA kweli chini ya sura ya 720 ya sheria za Florida na sio kondo (nyumba za ghorofa zinazomilikiwa moja moja), kondo ni sura ya 718. Kama ni 720, acha imeili, andika barua, tuma kwa posta ile yenye risiti ya kupokelewa. Wana siku 10 za kazi. Zikipita bila kukuonyesha sheria inachukulia wamekataa makusudi mpaka wao wathibitishe vingine, na unaweza kudai angalau dola 50 kwa siku hadi siku 10. Hela ndogo ndio, ila gharama za wakili wako nazo zinaweza kuwaangukia, hiyo ndo wanaiogopa.

Halafu usiombe "hesabu" hivihivi, utapewa kurasa mbili za muhtasari. Omba kwa majina: karatasi za kura, proksi na orodha ya waliosaini kuingia mkutanoni. Hizo lazima watunze mwaka 1 tu baada ya uchaguzi kwahiyo usichelewe. Za fedha ni miaka 7. Ukifika piga picha na simu yako, hawaruhusiwi kukutoza kwa hilo. Na kwa kuwa mko nyumba 100, tangu 1/1/2025 chama cha parseli (viwanja au nyumba) 100 na zaidi kinatakiwa kuweka rekodi zake nyingi kwenye tovuti, waulize iko wapi.

wiki_ya_32
Mimi ni mmoja wa hao "wanaogelea wanaondoka" 😂 Sio sehemu yenu lakini hadithi ni ileile. Jamani na sisi hatujui! Siku ya kununua nilisaini makaratasi mpaka mkono ukauma, sikumbuki kumpa mtu kura yangu. Hilo la siri ni nusu kweli: majina na anwani za wenye wiki yanalindwa na sura ya 721, ile ya taimshea, msimamizi hawezi kukupa tu. Lakini sheria hiyohiyo inamlazimu msimamizi, mwenye wiki akiomba kwa maandishi, awatumie wenye wiki wenzake barua yake, mradi ni jambo la chama, mfano kukusanya proksi au kuondoa wajumbe wa bodi. Gharama analipa anayeomba. Kwahiyo tafuteni mwenye wiki mmoja tu aliyechoka na ada kama nyie, na wapo, maana ikipanda kwenu na kwetu inapanda.

msafi_wa_kona
Asanteni sana. Kumbe mimi nilikuwa nawachukia watu wa swimingi puli bure. Swali dogo, huyo mwakilishi aliwahi kusema proksi zake ni "za kudumu". Inawezekana?

fundi_karatasi
Kwenye 720 hapana. Proksi ni ya mkutano mmoja uliotajwa, tarehe saa na mahali, na inakufa siku 90 baada ya mkutano huo. Ndo maana nakwambia omba uzione hizo 62 kwa macho, angalia tarehe. Ila kama ni lile la Mzee Kobe, chama chao ndo mpiga kura, hutakuta proksi za watu, basi omba uamuzi wa bodi yao uliomtuma.

msafi_wa_kona
Hati ya kaunti nimeshaishusha, kurasa 114 😩 nipo ya 20. Barua inaondoka Jumatatu.